Mtama wa Mahameni

Salvina alizaliwa Ushirombo, mahali ambapo kengele ya misheni unaisikia ukiwa shambani, kwenye nchi ambayo mvua ikichelewa inachelewa wiki, haichelewi mwaka. Kwao walilima mihogo na mahindi, na migomba ilisimama nyuma ya nyumba bila kubembelezwa na mtu. Basi alipoolewa Kishapu, miaka michache baada ya Uhuru, akashuka kwenye lori na sanduku lake la bati, jambo la kwanza alilomwuliza mumewe lilikuwa hili: "Ignas, miti yenu iko wapi?"

Ignas akacheka. "Wazee waliifyeka kuwafukuza mbung'o."

"Mbung'o wakaondoka?"

"Wakaondoka. Mvua nayo ikaona isibaki peke yake."

Ndivyo alivyokuwa Ignas, mtu wa mzaha. Alikuwa Msukuma aliyejifunza useremala kwa mapadre wa Ushirombo, halafu akarudi kwao kuwa seremala katika nchi isiyo na mti. Jamani! Alitengeneza viti vya wageni na mlango mmoja mzuri wa nyumba yake, mbao zikamwishia, akarudi kwenye jembe na ng'ombe kama wenzake.

Kaya zilikuwa mbalimbali siku hizo. Kila kaya na shamba lake limeizunguka, na katikati mbuga tupu, hata kuomba chumvi kwa jirani ni kufunga safari. Aliyekuwa karibu ni Zipora, dada yake Ignas, mwanamke wa maneno mengi na mikono miepesi. Zipora ndiye aliyemfundisha wifi yake kuwasha moto kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni hakuna, na kuuvumilia moshi wake unaokwenda moja kwa moja machoni. Alimfundisha kuanika michembe ya viazi, na kusalimia kwa Kisukuma: mwangaluka asubuhi, mwadila mchana ukigeuka, na goti ukilikunja kidogo. "Msumbwa wetu," alimwita mbele za watu kwa kabila la kwao Ushirombo, na ole wake aliyemcheka Msumbwa wetu akikosea neno. Wakawa chanda na pete. Haya, mkumbukeni Zipora huyo, kwa sababu mimi nikimfikiria hasira hunipanda hadi leo.

Salvina akamzaa Stanslaus, kisha Anisia. Anisia alikuwa na umri wa kukimbia na kuuliza maswali ulipoingia mwaka wa jua.

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri, zikawatia watu moyo, wakapanda. Halafu zikakata. Mwezi wa kwanza jua, mwezi wa pili jua. Mtama ukanyauka haujafika kiunoni. Watu wakaacha kwenda shambani, maana unakwenda kutazama nini? Salvina alikwenda kukata mabua ya ng'ombe, na huko, nyuma ya kichuguu, akakuta mashina machache ambayo hayakuwa makavu. Majani yamejikunja kama tumbaku iliyosokotwa, lakini ukiyakunjua, ndani mabichi. Mengine yote shambani ukiyagusa yanavunjika. Haya yamenyamaza tu, yanangoja. Akayaacha. Mwezi wa tatu ikaja ile mvua ya kumalizia msimu, ambayo haimsaidii mtu aliyekwisha kupoteza shamba, na mashina yale yakakunjua majani, yakanyanyuka, yakatoa masuke.

Aliyakata mwenyewe, akayafunga fungu, akayaning'iniza kwenye kichanja juu ya meko ili moshi uyapige na fukusi wasiyaguse. Ndivyo mbegu inavyowekwa kule. Lakini mwaka ule hakuna aliyekuwa na kitu kingine, juu ya meko wala chini yake. Michembe iliisha. Walikula mlenda wa porini bila ugali, wakachimba mizizi ambayo Ignas mwenyewe hakuijua jina. Na Anisia, unajua macho ya mtoto, alijilaza chali kwenye ngozi pale jikoni akanyoosha kidole juu.

"Mama, ule pale."

"Ile ni mbegu, mwanangu."

"Mbegu hailiwi?"

"Hailiwi."

Zipora alimwambia waziwazi. "Wifi, twanga. Mtoto anywe uji."

"Tukiula huu, mvua ikija tutapanda nini? Huu ndio uliokataa kufa, Zipora. Ule mwingine wote uliona ulivyofanya."

"Mungu ataleta mbegu nyingine."

"Ameshaleta hii."

Kisha surua ikapita mbugani. Ilichukua watoto wa kaya nyingi, waliokula na wasiokula, na Anisia akaenda nao. Watu wote walisema ni surua, na ni kweli ilikuwa surua. Lakini mama ni mama. Uji ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa cha mtoto, naye hakuupika. Aliungama kwa padre wa Shinyanga mjini, akaenda kwao akaungama Ushirombo, kote akaambiwa hana kosa, na kote alitoka kanisani na kosa lake vilevile.

Zipora ndiye aliyemwosha mtoto. Alimwosha taratibu, akampaka mafuta, akawa anamsemesha kana kwamba anamwandaa kwenda kubatizwa. Mbao hazikuwapo, kwa hiyo Ignas akaubandua ule mlango mzuri wa nyumba yake, akachonga jeneza dogo. Wakamzika nyuma ya kaya, karibu na kichuguu. Nyumba ikakaa bila mlango mpaka masika.

Mvua iliporudi Salvina akapanda. Alipanda kwa hasira, midomo ameibana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akizungumza habari nyingine kwa moyo wote. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mtama ambao mwaka wa jua ukija, mtu ale na mbegu ibaki. Mtoto asiambiwe tena kwamba ile hailiwi.

Ilimchukua miaka. Kabla ya mtu yeyote kuingia shambani na kisu, alipita yeye kwanza na vitambaa alivyochana kwenye kanga kuukuu. Shina lililokunja majani mapema jua linapokuwa kali na kuyakunjua jioni, alilifunga kitambaa. Shina lililobaki bichi chini wakati wenzake wamekuwa njano, kitambaa. Lile lenye suke zuri nono lakini bua linalegea na kulala, alilipita bila kuligeukia. Hayo ni ya kula. Ya vitambaa yalikwenda kwenye moshi, naye alikaa chini yake akikoleza kinyesi, akigeuza mafungu, machozi yanamtoka. Macho yake yakaanza kuwa mekundu, kisha yakabaki mekundu. Ignas alimtania kwamba amemwoa mwanamke mweupe wa macho, amegeuka pilipili.

"Nicheke tu," alimjibu. "Mwaka wa jua ukifika, utakuja kunipigia magoti."

"Mimi nakupigia magoti hata leo," Ignas akasema, na kweli akapiga goti, mzee mzima, Stanslaus akaanguka kwa kicheko.

Halafu ikaja Operesheni, watu wakaambiwa waache kaya zao wakakae pamoja kijijini. Wengine walihama kwa hiari, wengine walikuta paa limeezuliwa. Salvina aliacha vyungu, akaacha kinu, akabeba mafungu ya mbegu kichwani. Kijijini nyumba zilipangwa mistari, mashamba nayo yakapimwa bega kwa bega: huu mtama wa fulani, hatua moja, huu wa fulani. Na wengi walikuwa wamepewa mbegu mpya, mtama mfupi mweupe, wa ugali laini. Sikatai, ulikuwa mtamu. Mvua ikiwa nzuri ulijaa ghala.

Msimu wa kwanza tu Salvina akaona mambo. Mbegu yake ikatoa watoto asiowajua. Huyu mfupi, huyu kichwa kimekaza, huyu majani yamekunjika lakini bua limelala. Akapita shamba zima na vitambaa mkononi akakosa pa kuvifunga, isipokuwa kwenye kona ya mbali kabisa na majirani. Akakaa chini pale pale akalia. Alielewa. Mtama ukichanua pamoja na mtama mwingine unaoana nao, upepo ndio mshenga. Ukiacha hivyo misimu michache, ule uliokataa kufa utakuwa umekwisha.

Akamwambia mumewe, "Baba Stanslaus, nataka nikalime mahameni."

Mahameni maana yake kule walikohama, kwenye kaya yao iliyobomoka. Kulikuwa mbali. Unaondoka alfajiri, unafika jua limeshaanza kuuma.

"Watasema," Ignas akamjibu.

"Waseme."

Ignas akamtazama, akaona hakuna la kubishana. "Nenda. Lakini rudi mapema, fisi wa kule hawakujui tena."

Ukiniuliza, hapo ndipo kamba ilipoanza kuvutwa. Mwanamke mgeni, Msumbwa, anaondoka kijijini peke yake kwenda kwenye mahame ambako hakuna mtu ila makaburi. Na kulikuwa na jambo jingine. Salvina alipofika alilima kuanzia kwenye kichuguu, karibu na kaburi la mwanawe, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema naye, alisema na mtoto. Mtu anayelima peke yake hujisemea. Nani asiyejua? Wachungaji waliopitisha ng'ombe huko walimsikia wazi: "Haya, Anisia, mwanangu, leo tumalizie upande huu." Wakatazama, hawakumwona Anisia. Wakawafukuza ng'ombe mbio.

Kila mavuno alimpelekea Zipora bakuli la mbegu. "Panda mbali na ule mweupe, wifi." Zipora alikuwa anasema asante, anapanda popote palipo wazi, kisha analalamika kwamba mbegu ya wifi ni sawa na nyingine yoyote. Majirani nao walipewa. Waliipanda katikati ya mweupe, au waliitwanga. Baadaye, maneno yalipoanza, Zipora aliimwagia kuku. Salvina aliwaona kuku wakidonoa, akanyamaza kwa sababu ya udugu.

Ignas alifariki kwa maradhi ya tumbo, akiwa anatania mpaka siku ya mwisho. Stanslaus, ambaye sasa alikuwa mwanamume, alimaliza msiba akafuata wenzake Geita kuchimba dhahabu. Salvina akabaki peke yake na macho yake mekundu na shamba lake la mahameni. Na kama vile mbingu ilikuwa inangojea Ignas aondoke, likaja jua tena, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Lilikuwa lile lile. Mvua ya kwanza nzuri, kisha kimya. Mtama mweupe ukaungua kijiji kizima, mstari kwa mstari. Ng'ombe wakaanza kulala wasiinuke. Na wachungaji, wakihangaika na mifugo kutafuta jani, wakafika mahameni, wakasimama. Shamba la Salvina lilikuwa kijani. Si kijani cha masika, lakini kijani. Majani yamejikunja, yamenyamaza, yanangoja, shamba zima safari hii, si mashina machache nyuma ya kichuguu. Alikuwa ameshinda. Miaka yote ile, kitambaa kwa kitambaa, mwanamke yule alikuwa ameshinda, na hakuna siku aliyokuwa hatarini kuliko siku hiyo.

Kijijini hawakuuliza ni mbegu gani. Waliuliza nani analima. Mwanamke mmoja, mjane, miguu yenyewe imevimba, atalimaje shamba lile lote? Na mvua amepata wapi ambayo sisi hatukupata? Wakajibizana wenyewe. Anaye msukule. Mtoto yule hakufa, mama yake alimchukua, akamficha, na sasa ndiye anayemlimia. Wachungaji walimsikia akimwita kwa jina! Na hayo macho mnayaonaje?

Ebo! Nusu ya wanawake wa kijiji kile walikuwa na macho mekundu, kwani wote si walipikia kinyesi? Lakini ya Salvina ndiyo yaliyohesabika.

Alirudi siku moja kutoka mahameni, akapishana na wanawake wenye ndoo. "Mwadila," akawasalimu, goti akilikunja kama alivyofundishwa. Wakapita. Akadhani hawakusikia. Akakutana na wengine, nao wakapita. Alipokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, mlango ukafungwa. Ndipo akajua kwamba ametengwa. Kule mtu akitengwa na kijiji hapewi moto, hapewi maji, hapewi hata salamu, na anayemjibu hutengwa pamoja naye. Usidhani ni jambo dogo. Mtu anaweza kuvumilia njaa, lakini jaribu kuishi katikati ya watu wasiokuona. Salvina alianza kuwasalimu mbuzi.

Stanslaus alipata habari huko Geita, akaja mbio, vumbi jekundu la mashimo bado liko kwenye nywele. "Mama, twende Geita. Kijiji cha pili wamemkata mapanga bibi mmoja akiwa anapika. Kosa lake macho mekundu tu, eti mchawi. Twende."

"Na shamba?"

"Shamba, mama!"

"Linakaribia kutoa masuke, Stanslaus. Nikiondoka sasa ndege watalimaliza, na mbegu itakuwa imekwisha. Dada yako alikufa akiitazama mbegu hii. Siondoki."

Stanslaus akaenda kwa Mzee Maduhu, mkubwa wa wazee wa kijiji, akamwomba amsaidie. Mzee Maduhu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma zaidi. Aliona vijana wananoa mapanga, akataka kumwokoa mama wa watu kwa njia anayoijua. Akangoja Salvina avune, akaita mkutano mchana, mbele ya ghala la pamba.

Salvina akasimamishwa katikati. Akaeleza kila kitu, mwaka wa jua wa kwanza, kichuguu, vitambaa, upepo unaouoanisha mtama. Alieleza vizuri. Watu walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mlevi. Kijana mmoja akapaza sauti: "Na Anisia uliyekuwa unamwita?"

"Anisia alikufa! Mko watu wazima hapa mliomzika. Zipora!" Akamgeukia wifi yake aliyekuwa amekaa na wanawake. "Wifi, wewe ulimwosha. Waambie."

Watu wote wakamtazama Zipora. Zipora alikuwa na watoto, na wajukuu, na nyumba katikati ya nyumba za watu. Akatazama chini, akaokota kijiti, akakivunja.

"Niliosha," akasema. "Nilichokiosha, Mungu ndiye anayejua."

Jamani, jamani! Mikono ile ile iliyompaka mtoto mafuta! Stanslaus akamshika mama yake mkono.

Mzee Maduhu akainua fimbo, watu wakanyamaza. Akakata shauri. Salvina atalipa mchenya, yaani faini ya chakula, ambayo huliwa na kijiji kizima pamoja na aliyetozwa, na ikiisha kuliwa, neno limekwisha na mtu amerudi kundini. "Lakini hatutaki mbuzi wako," akasema. "Tutakula mtama ule wa mahameni. Wote, na ule wa juu ya meko. Kama ni chakula, tutashiba. Kama ni kitu kingine, kitaishia hapa. Na mwanao ataapa kwa kaburi la baba yake kwamba haikubaki punje."

Vijana wenye mapanga wakanung'unika, lakini wakakubali. Stanslaus akamvuta mama yake pembeni.

"Mama, wape. Mtama ni mtama. Wape wale, uishi."

"Si mtama wa kula, Stanslaus. Ule wa kula nawapa wote, wachukue hata leo. Nataka masuke ya kichanjani tu. Fungu moja. Nifiche hata suke moja, nani atajua?"

"Nitaapa, mama," akasema Stanslaus. "Kwa kaburi la baba. Ukificha, nitaapa uongo."

Salvina akamtazama. Kule mwana akiapa uongo kwa kaburi la baba yake, haishi muda mrefu. Ndivyo alivyoambiwa tangu alipoolewa, na Ushirombo kwao walisema hivyo hivyo. Ukristo wake ulimwambia ni upuuzi. Tumbo lake la uzazi halikusikiliza Ukristo. Mbegu hii ilikwisha mla mtoto mmoja. Je, ampe na wa pili?

"Basi," akasema. "Usiape uongo."

Walipika siku ya Jumamosi. Wanawake walileta vinu kwenye uwanja, wakatwanga na kusaga huku wanaimba, kwa sababu njaa ilikuwa kali na watu walikuwa hawajaona unga tangu lini. Salvina alipanda mwenyewe kwenye kigoda, akashusha mafungu kutoka kichanjani, meusi kwa moshi. Mengine bado yalikuwa na vitambaa vya kanga. Akavifungua kimoja kimoja, akavitia kifuani, masuke akawapa wanawake wayapure. Alipopukutisha la mwisho, alikung'uta ungo mbele ya Mzee Maduhu, mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ameridhika. Stanslaus akaapa kwa kaburi la baba yake.

Ugali ule ulikuwa mweusi kidogo na ulinuka moshi, na watu wakaula. Walivyoula! Walilamba vidole. Watoto walifuta vyungu kwa viganja. Zipora alikaa karibu na wifi yake kama zamani, akamega tonge, akasema, "Mtamu, wifi. Sikujua kama ni mtamu hivi." Salvina naye alikula, maana aliyetozwa lazima ale. Alikula polepole, akimeza kila tonge kwa maji. Watu walipoinuka kwenda zao, mmoja mmoja walipita mbele yake wakikunja goti: mwadila, mama, mwadila. Alikuwa amezikosa salamu hizo kwa miezi mingi, na alipozipata hakusikia kitu.

Stanslaus alirudi Geita. Salvina alikwenda mahameni kuokota, labda kuna punje ilianguka, labda kichipukizi kimeota kwenye bua lililokatwa. Panya na ndege walikuwa wameshapita, na ng'ombe wa kijiji waliokuwa wamepelekwa huko baada ya mavuno walikuwa wametafuna mabua hadi kwenye udongo. Alirudi mikono mitupu.

Msimu uliofuata serikali ilileta mbegu nyeupe tena, watu wakapanda. Mvua ya kwanza ilikuwa nzuri. Halafu ikakata. Mwezi wa kwanza jua, mwezi wa pili jua. Lori la yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, likaja mara moja, halafu watu wakakaa barabarani wakilingojea bila kuliona.

Zipora akaja kwa wifi yake asubuhi, mkono mmoja ameshika mkono wa mjukuu, mkono mwingine bakuli. "Mwangaluka, wifi." "Mwangaluka." Salvina akamkaribisha jikoni, maana sasa walikuwa wanasalimiana. Moshi ulikuwa kidogo. Hakuwa na sababu ya kukoleza. Mtoto akajilaza kwenye ngozi, macho akayaelekeza juu kwenye kichanja.

"Wazee wamenituma," Zipora akaanza, sauti ndogo. "Mzee Maduhu mwenyewe. Wanasema, ile mbegu yako. Ile ya mahameni. Mvua ya mwisho inaweza kuja bado, tungepanda hata kidogo. Tutapanda mbali na nyeupe, kama ulivyosema. Safari hii tutapanda mbali."

"Mliila, Zipora."

"Najua tuliila. Lakini wewe nakujua, wifi." Zipora akasogea, akamshika goti. "Hukuficha hata suke moja?"

Salvina akamtazama yule mtoto pale kwenye ngozi, kisha akautazama mkono wa wifi yake uliokuwa juu ya goti lake.

"Niliwahi kuficha, Zipora. Mara moja. Nikamnyima yule mtoto uliyemwosha kwa mkono huu."

Akautoa mkono ule gotini pake, taratibu, akainama kupuliza moto.